Mabuti ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinichoma miguu yote miwili, tena kwa mapenzi. Nalisema mwanzo kabisa msije mkadhani nina kinyongo naye. Sina. Mwenyezi Mungu amrehemu yule mama, maana miguu hiyohiyo aliyoichoma ndiyo aliyokuja kuiokoa, na leo hii nikienda msikitini bila fimbo, mzee kama mimi, najua wa kumshukuru baada ya Mungu ni nani.

Nitaeleza polepole. Shule niliiachia darasa la pili, kalamu yangu inakwenda kama kobe kwenye mchanga, na mawazo yenyewe yananipita mbele. Mkiona nimetoka njiani, ningojeni, nitarudi.

Wakati huo nilikuwa nimeoa karibuni. Desturi ya kwetu Wamakonde, zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mke, basi nami nilikuwa naishi ukweni, Mtawanya, pembeni mwa mji wa Mtwara. Siku hizo mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Mume wa binti akiishi ukweni anatazamwa kama ng'ombe wa mnadani. Anaamka saa ngapi? Analima mpaka wapi? Anakula kiasi gani? Mimi kwenye jembe nilikuwa mvivu, kweli isemwe. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kuchota maji kwenye kituo cha afya mjini, na mshahara wake ulikuwa mshahara wa ufagio.

Pale kituoni palikuwa na pikipiki iliyokufa, imeegemezwa nyuma ya jiko, kuku wanataga kwenye kiti chake. Mwendeshaji wake alianguka nayo njia ya Msimbati, ikamlalia mguuni. Alikuwa amevaa kandambili. Kifundo cha mguu kikasagika, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mguu ule ukawa umegeukia nje kama wa bata. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka dawa na barua kwenye zahanati za Madimba, Msimbati na Kitaya kule mtoni Ruvuma, na kurudi na vioo vya damu ya wagonjwa vikapimwe mjini. Alipoumia, dawa zikawa zinakwenda kwa bahati. Lori likipatikana zinakwenda, lisipopatikana zinakaa.

Ikaja habari kwamba tunaletewa pikipiki mpya, iko njiani kwa meli. Bwana Mganga, mkubwa wetu wa kituo, alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole wa sauti lakini neno lake halikuwa na marudio. Akatuita uani akauliza nani anajua kuendesha pikipiki. Tukanyoosha mikono wawili. Mimi nilijifunza Mikindani kwenye pikipiki ya fundi cherehani mmoja, nikimlipa kwa kumchotea maji. Hayo maji niliyochota maishani mwangu yangejaza ghuba. Wa pili alikuwa mlinzi wa kituo, mwanamume mwenye kifua kipana na mabuti meusi aliyoachiwa na tajiri wake wa zamani.

Bwana Mganga hakututazama usoni. Alitutazama miguuni. Mimi nilikuwa na makatambuga ya tairi, vidole vyote nje vinapunga upepo.

"Kazi nakupa wewe," akaniambia. "U mwepesi na njia unazijua. Lakini mguu mwingine hauvunjiki nikiwa hapa. Siku pikipiki itakapotoka bandarini, nikukute na buti linalofunika kifundo. Ukikosa, anapanda mwenzako."

"Kituo hakitoi mabuti, bwana?"

"Kituo hakina hata bandeji za kutosha, kijana. Buti ni lako mwenyewe."

Mlinzi akanipiga bega tukiondoka. "Usiwe na haraka, ndugu yangu. Haya yangu hayali, hayanywi. Yatangoja tu."

Tena akayapangusa kwa kiganja, mbele yangu, polepole, kama mtu anayembembeleza paka.

Kazi ile ilikuwa shingo yangu. Wajomba wa mke wangu walikuwa wameshamuuliza, mumeo atafagia mpaka lini? Kwetu wajomba wakiuliza jambo mara ya pili, ya tatu hawaulizi. Wanakuonyesha njia uliyojia, na kibunda chako cha nguo kimeshafungwa. Na mimi mke wangu nilimpenda. Sikuwa najua kulisema hilo kwa mdomo, lakini nilimpenda, na habari ya kulala bila kusikia anavyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo sikuitaka hata kuiwaza.

Nikaanza kutafuta mabuti, mfuko mwepesi kama unyoya.

Cha kwanza kila mtu aliniambia, nunua gambuti dukani, rahisi, maji hayaingii. Nikaenda nikayajaribu. Mdomo wake mpana, mguu unacheza ndani kama mwiko kwenye chungu. Ukianguka, gambuti linabaki kwenye tope na mguu unakwenda peke yake kutafuta mawe. Halafu mpira haupatani na bomba la moshi. Niliwahi kumwona mtu aliyepanda nyuma ya pikipiki na gambuti, likamganda kwenye bomba, akashuka anaruka kwa mguu mmoja huku ananuka kama tairi la kuchomea nyuki. Nikayarudisha.

Kulikuwa na mabuti ya jeshi pia, yakiuzwa kwa minong'ono. Ng'ambo ya mto vita vilikuwa vinawaka, watu wanavuka na watoto mgongoni, na vitu vinavuka nao. Mabuti mazuri, siyasemi vibaya. Lakini njia yangu ilifika mpaka Kitaya, ambako upande wa pili Wareno walikuwa wanatazama kwa darubini. Mtu akionekana juu ya pikipiki na mabuti ya jeshi, nani atamngoja aseme kwamba amebeba vidonge vya malaria? Nikayaacha na nikalala usingizi mzuri.

Mwishowe nikafika kwa fundi viatu wa sokoni. Alikuwa Mmakua, familia yao ilitoka ng'ambo hiyohiyo ya mto, anaongea Kiswahili kwa kukivuta kidogo mwishoni, na mbele yake alipanga viatu ambavyo wenyewe walileta kushonwa wakasahau kuja kuvichukua. Nikamweleza shida yangu. Akanipa buti la kwanza.

"Vaa."

Nikavaa. Akachukua nyundo akanigonga kwenye kifundo.

"Aa! Fundi, waniua?"

"Umesikia?"

"Nimesikia sana!"

"Basi hilo silo. Vua. Vaa hili."

Watu wa sokoni wakaanza kusogea. Mama muuza dagaa akapiga kelele, "Leo fundi anashona mtu!" Mwingine akasema, "Mwongeze, fundi, huyo bado anacheka!" Nikagongwa pale kwa muda ambao hata sijui niuiteje, na kila nikipiga yowe, buti linatupwa pembeni. Alinikunja miguu nione kama soli inafuata. Alinisimamisha kwa kisigino kwenye ukingo wa boksi, kwa sababu buti lisilo na kisigino halishiki pale pa kukanyagia. Akazikata kamba zikawa fupi, akasema kamba ndefu ikiingia kwenye mnyororo wewe ndiye utakayefuata. Mpaka tukafika kwenye jozi moja ya kahawia, kuukuu, ngozi mbili zimeshonwa pamoja kwenye kifundo. Akagonga. Nikasikia kama mtu amebisha hodi nyumba ya jirani.

"Hilo," akasema fundi.

Niliuza baiskeli yangu nikayachukua, na njia nzima ya Mtawanya nilikuwa nimeyabeba kifuani kama mtoto mchanga. Sikutaka kuyavaa yakachakaa kabla ya siku yake. Nikayaweka kwenye kona ya chumba, kando ya ukuta wa udongo.

Hapo sasa niingie kwa mama mkwe.

Kwa adabu yetu ya zamani, mume wa binti hasemezani na mama mkwe uso kwa uso. Wala hamtazami machoni, wala hapishani naye mlangoni. Akiwa na neno kwangu, anamwambia binti yake, hata kama mimi nimesimama hapo hatua chache nasikia kila kitu. "Mwambie mumeo kuna ndizi." Na mimi najibu, "Mwambie mama, ahsante." Binti yake anakaa katikati kama karani wa mahakama, na mara nyingine anachoka anasema, "Si mmesikiana nyote?"

Kazi ya mama yule ilikuwa kubangua korosho. Watu wa mbali wanaila korosho nyeupe, tamu, hawajui imevuliwa nguo gani. Ganda lake lina mafuta meusi makali kama moto. Yakikugusa yanakubabua ngozi, inavimba, inachubuka. Wabanguaji wanajipaka majivu mikononi, na hata hivyo mikono inakuwa myeusi na migumu, kama imevaa glavu ya mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa amebangua tangu usichana wake. Angeweza kuchukua kaa la moto kwa vidole akawasha nalo jiko bila haraka yoyote. Mabibo yenyewe, lile tunda la juu, alikuwa anatukamulia maji yake tunakunywa asubuhi, matamu yanayokwaruza koo. Na yakilala yanakuwa kitu kingine, ambacho mimi sikuwahi kukinywa. Kidogo tu nilikinywa.

Nimetoka njiani. Ninarudi.

Mafuta yale ya maganda hayatupwi kwetu. Tunayapaka kwenye nguzo za nyumba, na mchwa hawazigusi. Wenye mitumbwi wanayapaka kwenye mbao, maji hayaozeshi. Mama mkwe alikuwa na kopo lake nyuma ya nyumba. Sasa alipoona mkwe wake ameuza baiskeli, ameleta mabuti ya ngozi, ameyaweka kando ya ukuta wa udongo, na yeye anawajua mchwa wa nyumba ile ambao walikwisha kula mkeka na nusu ya mlango, moyo ukamwenda mbio. Siku hiyo mimi niko kazini, mke wangu yuko kisimani. Mama akachukua mabuti yangu, akayapaka yale mafuta nje na ndani, kwa kidole, kila mshono, kwa uangalifu wote wa mzazi. Akayaanika juani. Akayarudisha mahali pake.

Jioni akasema, "Mwambie mumeo mabuti yake sasa hayaliwi na mdudu wala hayaingii maji. Kesho ayavae tuyaone."

"Mwambie mama, ahsante sana."

Niliyaona yanang'aa meusi, nikadhani ni rangi ya viatu. Harufu niliisikia, lakini nyumba nzima ile ilikuwa na harufu ya korosho, ningejuaje? Asubuhi nikavaa, bila soksi, maana soksi sikuwa nazo. Mama amekaa barazani ametazama pembeni kwa adabu, lakini jicho moja liko miguuni kwangu. Nikapita mbele yake, nikarudi, nikapita tena. Akatabasamu akiitazama nguzo.

Kufika mjini nikawa nawashwa. Adhuhuri ikawa moto. Nikasema ngozi mpya inazoeana. Jioni kurudi, sauti kutoka barazani: "Mwambie mumeo, yanamkaaje?"

Ningesemaje mimi? Mwanamke mzima ameacha kazi zake akakupakia viatu kwa mikono yake.

"Mwambie mama, yananikaa vizuri sana."

Na kesho yake nikavaa tena. Mnaweza kucheka. Nilivaa tena kwa heshima, nikatembea mbele yake na jasho linanitoka masikioni. Siku hiyo sikuweza kurudi kwa miguu yangu. Bwana Mganga ndiye aliyenikuta nimekaa chini nyuma ya jiko, akayavuta yale mabuti, na ngozi ya miguu ikawa imejaa malengelenge, imevimba, nyekundu kama nyama ya buchani.

"Umekanyaga nini wewe?"

"Mapenzi ya ukweni, bwana."

Akanusa buti, akalitupa mbali, akataka kucheka, akajizuia, akanipaka dawa akanifunga bandeji zilezile alizosema hazitoshi. Halafu akasema neno lililoniuma kuliko malengelenge. "Meli imeshafika. Pikipiki iko bandarini. Ukipona kabla haijatoka, na ukiwa na buti, tutazungumza."

Mlinzi ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa baiskeli yake, mabuti yananing'inia kwenye usukani. Hakunitania hata kidogo njia nzima, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Mke wangu kuona miguu, akakohoa kidogo, akatoka na yale mabuti mpaka barazani. Nilikuwa ndani kitandani nasikia.

"Mama, ulipaka nini humu?"

"Mafuta ya nguzo. Si kwa ajili ya mchwa?"

"Mama! Kwa miguu ya mtu?"

 Kisha nikasikia sauti yake imebadilika, imekuwa ndogo. "Mikono yangu imenidanganya, mwanangu. Haisikii tena. Nilisahau kama watu wengine wanasikia."

Ningetamani kumwambia kitu. Sikuruhusiwa. Mabuti yale hayakuvalika tena. Mke wangu alimpelekea fundi, akayapokea kichwa chini, akasema mafuta yale hata uyafue kwa mvua ya masika nzima hayatoki kwenye ngozi. Baiskeli imekwenda, mabuti yamekwenda, miguu iko kwenye bandeji, na pikipiki iko bandarini ndani ya boksi.

Kilichoniokoa kwanza ni makaratasi. Mzigo wa serikali, hata uwe wa dawa, lazima karani huyu aandike, wakala yule apige muhuri, mwingine amekwenda msibani, ufunguo wa ghala ameondoka nao. Kila nilipoletewa habari kwamba makaratasi bado, nilisema alhamdulillahi. Mtu mwingine yeyote Mtwara alikuwa anawalaani makarani wale. Mimi nilikuwa nawaombea dua.

Huku nje, mama mkwe alikuwa anabangua. Alianza asubuhi, akaendelea mpaka jua linazama, na mke wangu akakaa kumsaidia. Hakusema anabangua za nini. Sikusikia "mwambie mumeo" hata moja. Nilisikia tu nyundo ndogo juu ya jiwe, ta, ta, ta, na harufu ya moshi wa maganda ikiingia dirishani. Nilidhani amenikasirikia kwa kumwaibisha.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa kuli bandarini. Shemeji kwetu ni mtani, hana mipaka. Akaja siku moja akasimama mlangoni akanitazama kitandani.

"Shemeji, nasikia umebanguliwa."

"Nitokee."

"Nilikuwa namwambia dada, akuchome kidogo na chumvi, tukuuze kwa Mhindi."

"Nasema nitokee, kuli wee."

Akacheka mpaka akashika mlango, akaondoka na kikapu kikubwa begani, kimefunikwa na kanga. Sikuuliza ni cha nini.

Alirudi jioni yake. Kitu kizito kikaanguka sakafuni karibu na kitanda, kidogo nife kwa mshituko. Mabuti. Marefu mpaka juu ya kifundo, ngozi nene nyeusi, soli yenye meno, na puani mna chuma. Mabuti ya mabaharia.

"Baharia mmoja wa meli ile ile iliyoleta pikipiki yako," akasema shemeji. "Nimempelekea korosho za mama, nyeupe hata moja haijavunjika. Amekula kiganja kimoja, amefumba macho. Akaingia ndani akatoka na haya. Yalikuwa ya akiba. Nikamwambia ongeza kamba, akaongeza kamba."

Nikayavuta kifuani, machozi yananitoka. Yeye hakuweza kuacha utani.

"Usilie, shemeji, yatapata kutu."

Nikamwita mke wangu. "Mwambie mama," nikasema, kwa sauti ya kufika barazani, na hapo sauti ikakatika. Mke wangu akangoja. Akatoka, akasema kule nje kitu ambacho mimi sikukisema, na mpaka leo sijui alimwambia nini. Ila ilitosha.

Sasa msidhani buti likiwa zuri basi limekwisha. Baharia yule alikuwa mtu mkubwa. Miguu yangu ikaogelea. Halafu lile la kulia lilikuwa na shida yake: pikipiki za wakati ule, zile za Kiingereza, gia zilikuwa mguu wa kulia, tofauti na hizi za siku hizi, na kwa kile chuma cha puani nilikuwa sisikii gia iko wapi, ni kama kumsalimia mtu kwa kiwiko. Ikabidi nirudi kwa fundi, nimeegemea bega la shemeji, tunatukanana njia nzima.

Fundi alipoyaona, aliyanusa kwanza. "Mama mkwe ameyagusa?"

"Hajayagusa."

"Mungu mkubwa."

Akatoa chuma cha kulia, akaweka ngozi ngumu mahali pake, na juu, pale gia inapokwangua, akashona kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Cha kushoto akakiacha. Ndani akajaza sufi kisiginoni. Mke wangu alinishonea soksi kutoka kwenye blanketi kuukuu, mbovu kutazama, laini kuvaa. Fundi akainua nyundo. Nikasogeza mguu mwenyewe bila kuambiwa. Akagonga, nikamwambia piga tena, akapiga, na mama muuza dagaa akasema, "Leo hafi huyu, biashara imeharibika."

Malengelenge yakakauka. Makaratasi yakaisha. Bwana Mganga alinikagua uani, akanikanyaga kidole kwa makusudi kwa kiatu chake chote, mimi nikamtazama tu. Akanipa ufunguo. "Kwa majaribio," akasema. "Masika hii ikipita na mguu wako uko mahali pake, kazi ni yako."

Mlinzi akanishika mkono akaniambia ahsante kwa kumpokonya adha ya tope. Nadhani nusu yake alisema kweli.

Masika ile ilinyesha kama iliyotumwa. Njia ya Madimba, ambako siku hizi kuna mitambo ya gesi na taa, wakati ule ilikuwa mchanga juu na utelezi chini, mikorosho huku na huku, na mashimo yamejaa maji huwezi kujua kina chake. Nilikuwa nimebeba sanduku la dawa za Kitaya. Kwenye mteremko mmoja gurudumu la nyuma likahama lenyewe, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Nikaona mbingu, nikaona mkorosho, nikaona tope. Pikipiki nzima ikanilalia mguu wa kushoto, chuma cha kukanyagia kimekaa sawasawa juu ya kifundo, na jiwe liko chini yake.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nilinyoosha mkono nikaizima. Pakawa kimya, mvua tu inagonga majani. Nikakumbuka mguu wa bata wa mwenzangu. Sikuwa nasikia maumivu, na hilo ndilo lililonitisha, maana nimewahi kuambiwa mguu ukikatika hausikii.

Watu wakatoka shambani, mume na mkewe na majembe yao. Yule mwanamke alipoona chuma kilipokaa akajishika kichwa. "Mguu umekwisha huo, masikini."

Wakainua pikipiki. Nikauvuta mguu. Ukaja. Nikawaambia wasilivue buti, kisha nikasema hapana, livueni, nione. Mume akafungua kamba, soksi ya blanketi ikatoka, na mguu ulikuwa pale, umevimba kama kiazi, wa zambarau, lakini umenyooka. Nikachezesha vidole. Vyote vikaitika. Kwenye ngozi ya buti palikuwa na bonde, unaweza kutia kidole gumba, na bonde lile lingekuwa kwenye mfupa wangu.

"Una mganga wako wewe," akasema yule mume.

"Ninaye," nikasema. "Anabangua korosho."

Walinitazama kama nimeumia kichwani.

Nilikaa kidogo, nikavaa, nikapiga kiki kwa mguu wa kulia, na dawa zikafika Kitaya zimelowa nje tu. Yule muuguzi wa kule alizipokea bila kuuliza, maana mstari wa wagonjwa ulikuwa mrefu, na mimi nikapumzika kwenye baraza ya zahanati, nimenyoosha mguu, natazama watu wanaingia mikono mitupu na kutoka na vidonge vimefungwa kwenye karatasi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea kwa darasa la pili.

Kurudi mjini Bwana Mganga akanivua buti mwenyewe, akaminya mguu mfupa kwa mfupa, akatia kidole gumba kwenye lile bonde. 

"Utapumzika mpaka uvimbe uishe," akasema. "Ukiisha, kuna mzigo wa Msimbati unakungoja."

"Na majaribio, bwana?"

"Majaribio gani?"

Niliendesha pikipiki ile miaka mingi, mpaka ikawa yenyewe haiwezi. Watoto wangu walizaliwa pale Mtawanya, na wajomba hawakuuliza tena. Mabuti yalikufa kabla ya pikipiki, nikanunua mengine, na mengine, yote kwa nyundo ya fundi. Nikiwaona vijana wa bodaboda leo wamevaa kandambili nawaita, wanadhani nataka kwenda mahali.

Lakini jioni ile ya Madimba nilifika nyumbani nachechemea, mama mkwe yuko barazani, ametazama pembeni, mikono yake imesimama juu ya jiwe. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama, mguu upo, na kazi ipo."

Alikuwa ameshasikia, maana nilisema kwa sauti. Hata hivyo alingoja mpaka aambiwe. Kisha akachukua korosho nyingine akaiweka juu ya jiwe.

"Mwambie mumeo," akasema, "akaoge, chakula kinapoa."